Mwongozo Kamili wa Kuielewa Ulaya ya Zama za Kati: Taasisi, Watawala na Vita Vyao

Wengi wanaojaribu kusoma historia ya Ulaya ya Zama za Kati huanza na orodha ya wafalme. Wanakariri akina Henry, Louis, Philip na Frederick, na kabla hawajafika mbali Henry wa Ujerumani ameshachanganyika na Henry wa Uingereza, tena Papa amejitokeza katikati ya ugomvi wa ardhi na msomaji hajui ameingiaje. Hapo kitabu kinafungwa.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Utaanza na swali la nani alikuwa akimpa nani cheo na ardhi, ndipo uwafuate watawala, na vita vije mwisho. Katika kila hatua utamtafuta mtu wa aina moja: mtu mwenye mabwana wawili. Migogoro mingi mikubwa ya zama zile ilizuka kwa sababu mtu mmoja aliwajibika pande mbili kwa wakati mmoja, na pande hizo zilipogombana alilazimika kuchagua. Ukishajua kumtambua mtu huyo, mambo mengi yanajifungua yenyewe.

Andaa daftari, kalamu za rangi mbili, na ramani ya Ulaya inayoonyesha mito na milima. Ramani ya nchi za leo haitoshi, maana Ujerumani na Italia kama dola moja moja hazikuwepo.

Hatua ya 1: Weka mipaka ya muda

Wanahistoria wengi huanzia mwaka 476, Odoacer alipomwondoa Romulus Augustulus, kaisari wa mwisho wa Roma ya Magharibi. Mwisho wake huwekwa ama 1453, Waturuki wa Osmani walipoiteka Konstantinopoli, ama 1492. Ni miaka elfu moja hivi, kwa hiyo igawe mara tatu katika daftari lako: mwanzo hadi mwaka 1000, katikati hadi 1300, na mwisho hadi 1492.

Kipande cha kwanza kipitie haraka. Unahitaji nguzo chache tu. Clovis, mfalme wa Wafaranki, alibatizwa Mkatoliki. Mwaka 751 Pepin Mfupi alitwaa ufalme wa Wafaranki kwa idhini ya Papa. Siku ya Krismasi mwaka 800 Papa Leo III alimvika Charlemagne taji la ukaisari mjini Roma. Mwaka 843, kwa Mkataba wa Verdun, wajukuu watatu wa Charlemagne waligawana dola yake: upande wa magharibi ukaelekea kuwa Ufaransa, wa mashariki Ujerumani, na ukanda wa katikati ukabaki wa kugombaniwa. Mwaka 962 Otto I akavikwa taji la ukaisari, na hapo ndipo ilipoanzia ile iliyokuja kuitwa Dola Takatifu la Kiroma.

Tazama vizuri tukio la mwaka 800. Papa ndiye aliyeshika taji. Je, hiyo ina maana kwamba ukaisari unatoka kwa Papa? Makaisari walisema hapana. Mapapa, hasa waliofuata baadaye, walisema ndiyo. Kwa rangi ya kwanza, andika swali hilo juu ya ukurasa.

Hatua ya 2: Elewa kiapo na ardhi kabla ya kitu kingine chochote

Mfalme wa karne ya 11 hakuwa na jeshi la kudumu la kulipwa mshahara, wala polisi, wala ofisi ya kodi kila wilaya. Alikuwa na ardhi, na ardhi ndiyo aliyolipia huduma. Alimpa kabaila eneo la kutawala, naye kabaila akaahidi kuja vitani na wapanda farasi wake, kutoa ushauri barazani na kuchangia gharama fulani. Kabaila huyo naye alikata sehemu ya ardhi yake akawapa wengine kwa masharti kama hayo. Chini kabisa walikuwa watwana, wakulima waliofungwa na shamba la bwana, wakimlimia siku kadhaa za juma na kumlipa sehemu ya mavuno. Hawakuruhusiwa kuhama wala kuoza binti bila ruhusa yake.

Mapatano haya yalifungwa kwa tendo lililoonekana kwa macho. Mwenye kupokea ardhi alipiga magoti kichwa wazi, bila silaha, akaunganisha viganja vyake na kuviweka katikati ya viganja vya bwana, akitamka kwamba yeye ni mtu wake. Kisha aliapa juu ya Injili au masalia ya watakatifu. Ikumbuke picha hii, kwa sababu mfalme wa Uingereza mwenyewe alilazimika kuapa mbele ya mfalme wa Ufaransa, na jambo hilo lilizaa vita vya zaidi ya karne.

Zoezi: chora mistari ya kiapo. Mfalme juu, makabaila chini yake, wapanda farasi chini zaidi. Sasa mchukue kabaila mmoja umpe ardhi kutoka kwa wafalme wawili. Lilikuwa jambo la kawaida. Mabwana hao wakipigana, atakwenda na nani?

Hatua ya 3: Lisome Kanisa kama taasisi ya utawala

Msomaji anayelichukulia Kanisa la zama zile kuwa mahali pa ibada tu atapotea. Kanisa lilikuwa na mahakama zake, sheria zake, mashamba makubwa, na zaka, yaani sehemu ya kumi ya mazao. Makasisi na watawa ndio waliojua kusoma na kuandika, kwa hiyo wafalme waliwatumia kama makarani na mabalozi.

Gawa ukurasa wako sehemu tatu. Ya kwanza ni maaskofu, ambao walisimamia majimbo na mara nyingi walikuwa pia wenye ardhi ya mfalme. Ya pili ni monasteri. Zilifuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto wa Monte Cassino, ya karne ya 6. Cluny, iliyoanzishwa mwaka 910 huko Burgundy, iliwekwa moja kwa moja chini ya ulinzi wa Roma ili bwana wa jirani asiiingilie. Cîteaux ikafuata mwaka 1098, kisha katika karne ya 13 wakaja Wafransisko na Wadominiko, waliokaa mijini wakihubiri. Ya tatu ni Papa, ambaye tangu amri ya mwaka 1059 alichaguliwa na makardinali, na hivyo kumwondoa kaisari katika nafasi ya kuamua.

Papa hakuwa na jeshi la kushindana na kaisari, ila alikuwa na silaha mbili. Aliweza kumtenga mtawala na Kanisa, na raia wakafunguliwa viapo vyao kwake. Aliweza pia kupiga marufuku ibada katika nchi nzima: hakuna misa ya hadhara, hakuna mazishi ya heshima katika ardhi takatifu. Uingereza iliishi hivyo kuanzia 1208 hadi 1214.

Hatua ya 4: Fanya kazi na kisa kimoja kwa kina, yaani Canossa, 1077

Hapa tulia. Ukikielewa kisa hiki, nusu ya Zama za Kati iko mkononi mwako.

Askofu wa Ujerumani ndiye mtu wetu mwenye mabwana wawili. Kama mchungaji wa roho, bwana wake ni Papa. Kama mwenye ngome, mashamba na askari waliotoka kwa mfalme, bwana wake ni mfalme. Wafalme wa Ujerumani waliwapenda maaskofu kama watawala wa mikoa kwa sababu iliyo wazi: askofu hana mtoto halali wa kumrithisha ardhi, kwa hiyo akifa, mfalme anachagua mwingine. Na mfalme ndiye aliyemkabidhi askofu mpya pete na fimbo ya kichungaji.

Papa Gregory VII aliona hilo kuwa uchafu. Mtu asiye kasisi anawezaje kutoa alama za cheo kitakatifu? Mwaka 1075 alipiga marufuku. Henry IV, mfalme wa Ujerumani, aliendelea kuweka watu wake, hata Milano. Januari 1076 aliwakusanya maaskofu wake mjini Worms, wakatangaza kwamba Gregory si Papa tena. Gregory akamtenga Henry na Kanisa na kuwafungua raia wake viapo.

Sasa angalia waliobadilisha mwenendo wa mambo: makabaila wa Ujerumani. Wengi wao, hasa wa Saxony, walikuwa na magomvi na Henry kabla ya haya yote. Walipata sababu halali ya kumwasi. Wakampa muda: asipoondolewa adhabu ndani ya mwaka mmoja, wanachagua mwingine, na Papa amealikwa Augsburg kuja kuamua.

Henry aliona lazima amfikie Papa kabla Papa hajawafikia makabaila. Alivuka milima ya Alps katikati ya baridi kali, pamoja na mkewe Bertha na mwanao mdogo, akamkuta Gregory katika ngome ya Canossa iliyokuwa mali ya Matilda wa Tuscany. Siku tatu alisimama nje ya lango, miguu mitupu, amevaa vazi la sufi la mtubuji. Matilda na Hugh, abati (mkuu wa monasteri) wa Cluny aliyekuwa baba wa ubatizo wa Henry, walimwombea. Gregory, akiwa kasisi, hakuweza kumfungia mlango mtu anayetubu. Alimwondolea adhabu.

Nani alishinda? Vitabu vingi vinasema Papa, kwa kuwa mfalme alijidhalilisha. Mimi naona siku ile Henry ndiye aliyeondoka na alichokitaka: makabaila walipoteza kisingizio chao. Walimchagua Rudolf wa Rheinfelden mwezi Machi hata hivyo, ila vita vilivyofuata Henry alivipigana akiwa ndani ya Kanisa. Alitengwa tena mwaka 1080, Rudolf akafa mwaka huohuo kwa majeraha, na mwaka 1084 Henry aliingia Roma akavikwa taji na Papa wake mwenyewe. Gregory alifia ugenini Salerno mwaka 1085.

Suluhu ilipatikana Worms mwaka 1122, kati ya Henry V na Papa Callixtus II, na ilimgawa askofu mara mbili kama alivyokuwa kweli. Pete na fimbo vitoke kwa Kanisa. Ardhi na madaraka ya kidunia yatoke kwa mfalme, kwa alama ya fimbo ya enzi. Andika suluhu hiyo kwa rangi ya pili. Ukiisoma polepole utaona jinsi watu wa zama zile walivyojua kutenganisha vyeo viwili ndani ya mtu mmoja.

Hatua ya 5: Sasa jifunze watawala, wachache kwa wakati

Usiandike jina la mfalme bila nchi na miaka. Henry IV wa Canossa si Henry IV wa Uingereza aliyetawala kuanzia 1399. Kila mtawala mpe mistari mitatu: alipataje cheo, pesa na askari alivipata wapi, na aligombana na nani.

Kwa kuanzia chukua hawa: William I aliyeiteka Uingereza 1066 na kuagiza mali yote ya nchi iandikwe katika daftari kuu la 1086, Henry II wa Uingereza (1154–1189), Philip II wa Ufaransa (1180–1223), aliyewanyang'anya Waingereza Normandy mwaka 1204, Papa Innocent III (1198–1216), Louis IX wa Ufaransa (1226–1270), na Philip IV wa Ufaransa (1285–1314).

Kwa Ujerumani ongeza sheria moja: Hati ya Dhahabu ya mwaka 1356. Iliweka wachaguzi saba wa mfalme: maaskofu wakuu wa Mainz, Trier na Cologne, mfalme wa Bohemia, na watawala wa Palatinate, Saxony na Brandenburg. Wakati Ufaransa taji lilikaa katika ukoo mmoja vizazi na vizazi, Ujerumani kila uchaguzi ulikuwa nafasi ya makabaila kudai kitu. Hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyofanya Paris iwe makao makuu ya ufalme wenye nguvu, na Ujerumani ibaki na mamia ya watawala.

Hatua ya 6: Fuata Uingereza kutoka Canterbury hadi bungeni

Thomas Becket alikuwa chansela (mkuu wa makarani) wa Henry II, rafiki yake na mtendaji wake. Mwaka 1162 mfalme akamfanya Askofu Mkuu wa Canterbury, akidhani amepata mtu wake ndani ya Kanisa. Becket alichagua bwana wa pili. Ugomvi ulikuwa wa mahakama: kasisi akiua au kuiba, ahukumiwe na nani? Mwaka 1164 mfalme aliandika madai yake huko Clarendon, Becket akayakataa na kukimbilia Ufaransa. Alirudi 1170, na tarehe 29 Desemba wapanda farasi wanne wa mfalme walimuua ndani ya kanisa kuu lake. Mwaka 1173 alitangazwa mtakatifu, na 1174 Henry alitembea miguu mitupu hadi kaburini kwake na kuchapwa viboko na watawa.

Mwanawe, Mfalme John, aligombana na Innocent III juu ya Askofu Mkuu mwingine, Stephen Langton. Mwaka 1213 alisalimu amri kwa namna ya ajabu: aliukabidhi ufalme wake kwa Papa na kuupokea tena kama ardhi ya kiapo, kwa malipo ya mark 1,000 kwa mwaka. Mfalme mzima sasa ana bwana. Mwaka 1214 washirika wake walishindwa na Wafaransa huko Bouvines, pesa zikaisha, makabaila wakachoka. Tarehe 15 Juni 1215, katika uwanda wa Runnymede kando ya mto Thames, John alikubali Mkataba Mkuu, Magna Carta.

Usome mkataba wenyewe, maana tafsiri zake zinapatikana kwa urahisi. Utashangaa jinsi ulivyojaa mambo ya urithi, madeni, wajane na mitego ya samaki mitoni. Kisha simama kwenye kifungu cha 12, kisichoruhusu mfalme kutoza mchango fulani bila ushauri wa pamoja wa ufalme, na cha 39, kinachosema mtu huru asikamatwe wala kunyang'anywa mali ila kwa hukumu halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Neno "huru" ulipigie mstari: watwana hawamo.

Wiki kumi baadaye Innocent III aliufuta. Wengi hushangaa Papa alihusikaje. Wewe hutashangaa: tangu 1213 yeye ndiye bwana wa John, na ardhi ya bwana haiwekewi masharti bila idhini yake. Hata hivyo mkataba ulitolewa upya 1216, 1217 na 1225. Mwaka 1265 Simon de Montfort aliita bunge lenye wawakilishi wa wilaya na wa miji, na Edward I akafanya vivyo hivyo mwaka 1295 alipohitaji kodi ya vita.

Hatua ya 7: Panga vita kwa chanzo chake

Vita vya Msalaba vinajitegemea: Papa Urban II alivitangaza Clermont, Ufaransa, Novemba 1095, Yerusalemu ikatekwa Julai 1099 kwa mauaji makubwa ya wakazi wake, Sultani Salahuddin akairudisha mikononi mwa Waislamu 1187, na Acre, ngome kuu ya mwisho ya Wakristo huko, ikaanguka 1291. Mwaka 1204 wapiganaji hao waliiteka na kuipora Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao, na uhasama wa Kanisa la Mashariki na la Magharibi ukawa jeraha la kudumu.

Vita vya Miaka Mia (1337–1453) ndivyo vya kuvichambua. Mfalme wa Uingereza alikuwa mfalme kwao, lakini kusini-magharibi mwa Ufaransa alishika Guyenne kama ardhi ya kiapo. Edward III aliapa kwa Philip VI mjini Amiens mwaka 1329. Kama mfalme hakukubali kuitwa mahakamani Paris; kama mwenye Guyenne alipaswa kwenda. Mwaka 1337 Philip alitangaza kumnyang'anya Guyenne. Edward, ambaye mama yake Isabella alikuwa dada wa mfalme wa Ufaransa aliyefariki 1328 bila mtoto wa kiume, akajibu kwa kulidai taji lenyewe la Ufaransa. Mwenye taji hana bwana wa kumwapia.

Matukio ya kukumbuka: Crécy 1346 na pinde ndefu za Waingereza, Poitiers 1356, Mfalme John II wa Ufaransa alipotekwa na kutozwa kikomboleo cha vipande milioni 3 vya dhahabu, Agincourt 1415, Orléans 1429 na Joan wa Arc, aliyechomwa moto Rouen tarehe 30 Mei 1431, na Castillon 1453, ambako mizinga ya Wafaransa ilimaliza kazi. Katika vita hivi wafalme wa Ufaransa walizoea kutoza kodi ya kila mwaka na kuweka askari wa kudumu. Hapo mfumo wa Hatua ya 2 unaanza kubomoka.

Usiwasahau wakulima. Tauni iliyofika Sicily mwaka 1347 iliua labda theluthi moja ya watu wa Ulaya, pengine zaidi. Wafanyakazi wakawa adimu, wakadai ujira mkubwa, na sheria ya Uingereza ya 1351 ikajaribu kuurudisha ulivyokuwa kabla ya tauni. Kodi ya kichwa ikafuata, na Juni 1381 watu wa Kent na Essex waliingia London wakiongozwa na Wat Tyler, wakidai utwana ufutwe. Walimkata kichwa Simon Sudbury, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na chansela wa mfalme kwa wakati mmoja.

Hatua ya 8: Ufuate mwisho wa nguvu za Papa, hadi Malindi

Philip IV alitaka kuwatoza kodi makasisi, Papa Boniface VIII akakataa. Mwaka 1302 Papa alitangaza kwamba kila kiumbe lazima awe chini yake ili aokoke. Septemba 1303 watu wa Philip walimvamia Anagni, naye akafa wiki chache baadaye. Kuanzia 1309 mapapa walikaa Avignon hadi 1377, na kuanzia 1378 kukawa na mapapa wawili, kisha watatu, hadi Mtaguso (baraza kuu la Kanisa) wa Constance ulipompata Martin V mwaka 1417.

Katikati ya hayo Philip aliwakamata Watemplari, tarehe 13 Oktoba 1307. Walikuwa watawa wapiganaji wenye mali nyingi, walioishi ndani ya ufalme wake lakini wakimtii Papa peke yake. Shirika lilifutwa 1312. Ureno haikuwaangamiza: mwaka 1319 mali zao zilipewa shirika jipya, Shirika la Kristo. Mwana wa mfalme, Henrique, aliyegharamia safari za kuifuata pwani ya magharibi ya Afrika, alikuwa msimamizi wake kuanzia 1420. Meli za Vasco da Gama zilizotia nanga Mombasa na Malindi Aprili 1498 zilibeba msalaba wa shirika hilo kwenye matanga.

Hatua ya 9: Jipime

Chukua kisa hiki bila msaada. Frederick II ni kaisari, na pia mfalme wa Sicily, ufalme ambao Papa anauhesabu kuwa ardhi yake ya kiapo. Mwaka 1227 Gregory IX anamtenga na Kanisa kwa kuchelewesha Vita vya Msalaba. Mwaka 1228 anakwenda hivyohivyo, ametengwa. Februari 1229 anapatana na Sultani al-Kamil wa Misri na kuipata Yerusalemu bila vita, huku majeshi ya Papa yakivamia ardhi yake kusini mwa Italia.

Andika ukurasa mmoja ukijibu: Frederick alikuwa mtu wa nani, kwa ardhi ipi? Kwa nini Papa aliogopa mtu mmoja kushika Ujerumani kaskazini na Sicily kusini? Na ni nani mwingine katika kisa hiki alikuwa na mabwana wawili? Anza na wapanda farasi wa Watemplari waliokuwa Nchi Takatifu, kaisari aliyetengwa alipowataka wamfuate.